Chakula cha Jirani: Hotuba Kuhusu Maisha na Mafundisho ya Ramakrishna

Haya ni maneno niliyozungumza Tanga, mbele ya wazee, vijana na viongozi wa dini wa mtaani kwetu. Nayaweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika.

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Namaste.

Salamu nne, na kila moja imepata waitikiaji wake. Ya nne imeitikiwa na watu watatu, pale karibu na dirisha. Ahsanteni sana kwa kuja. Leo nitazungumza habari za mtu wa upande wenu.

Wazee wangu, ndugu zangu, vijana wangu: ni nani humu ndani hajawahi kusema "Baniani mbaya, kiatu chake dawa"? Mimi niliijua methali hii kabla sijajua Baniani ni nani. Niliiandika kwenye insha, mwalimu akanipigia vema. Sikujiuliza kamwe kama huyo Baniani tuliyemhukumu kwa neno moja ana lolote la kutuambia kuhusu Mungu. Tulichukua kiatu chake. Mwenyewe tukamwacha mlangoni.

Nilipokuwa mtoto, mkabala na nyumba yetu palikuwa na duka la familia ya Kihindu. Alfajiri mama wa nyumba ile aliosha kizingiti, akainama, akachora maua kwa unga mweupe aliokuwa akiudondosha kati ya vidole viwili, kidogo kidogo, kama mtu anayetia chumvi mchuzini. Kisha ndani kikalia kikengele. Kila mwaka ilipofika Diwali, sikukuu yao ya taa, alituletea sahani ya vitamutamu viitwavyo ladu, imefunikwa kwa kitambaa. Bibi yangu aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akamwombea dua. Mlango ukishafungwa, sahani ikapanda juu ya kabati, na hapana aliyeruhusiwa kuigusa. Kesho yake ladu zilikuwa hazipo, sahani imeoshwa, natumwa kuirudisha. Yule mama akaniuliza, "Mmezipenda?" Nikamjibu, "Ndiyo, shikamoo, ahsante."

Bibi yangu hakuwa mtu mbaya. Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema kuliko mimi. Aliogopa tu. Nami nataka tuanze na hofu ile ya chakula cha mwenzio, kwa sababu mtu ninayewaletea leo naye alikuwa nayo.

Kwanza niweke neno moja sawa. Sisi huchanganya Mhindi na Mhindu. Mhindi ni mtu wa India, na Wahindi wako Waislamu, Wakristo, Masingasinga na wengineo. Mhindu ni mtu wa dini ya Kihindu. Mtu wetu wa leo alikuwa vyote viwili, na hakutoka pwani ya Gujarati na Kachi walikotoka wengi wa Mabaniani waliofika kwetu kwa majahazi. Alitoka ng'ambo ya pili ya nchi, Bengal, mashariki ya India.

Alizaliwa tarehe 18 Februari 1836 katika kijiji cha Kamarpukur. Wazazi wake walimpa jina la Gadadhar. Dunia inamjua kwa jina la Ramakrishna. Walikuwa Wabrahmini, tabaka la makuhani, lakini makuhani maskini. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba akiwa na miaka sita au saba alikuwa akitembea kwenye kijia katikati ya mashamba ya mpunga, akila bisi za mchele alizofungia kwenye nguo. Wingu jeusi la mvua likatanda. Mbele ya wingu lile likapita kundi la ndege weupe, weupe kama yangeyange wetu. Weupe ule juu ya weusi ule ulimzidi. Akaanguka, bisi zikamwagika, akabebwa kupelekwa nyumbani hana fahamu. Wazazi wakahofia ugonjwa. Yeye alisema alikuwa amejaa furaha isiyosemeka.

Alipofika miaka tisa ulikuwa wakati wa kuvishwa uzi mtakatifu wa Kibrahmini. Katika sherehe ile mtoto hupokea sadaka yake ya kwanza ya chakula, na desturi ilitaka aipokee kwa mtu wa tabaka lake. Lakini Gadadhar alikuwa amemwahidi Dhani, mwanamke wa jamii ya wahunzi, mtu wa tabaka la chini, aliyemsaidia mama yake siku ya kujifungua. Familia ikakataa. Mtoto akasimama imara: nimeahidi, nisipotimiza nitakuwa mwongo, na mwongo anavaaje uzi huu? Wakashindwa. Sadaka ya kwanza akaipokea mkononi mwa Dhani.

Mngedhani tangu hapo njia ilinyooka. Haikunyooka, na ndiyo sababu nampenda mtu huyu.

Karibu na Kolkata, kwenye ukingo wa mto Ganges, mahali paitwapo Dakshineswar, mjane tajiri aitwaye Rani Rashmoni alijenga hekalu kubwa la Mama Kali, mungu wa kike wa Wahindu. Alinunua kiwanja ambacho sehemu yake ilikuwa mali ya Mzungu na sehemu nyingine ilikuwa makaburi ya Waislamu. Hekalu likafunguliwa tarehe 31 Mei 1855. Fedha ilikuwepo, imani ilikuwepo, lakini mama yule alikuwa wa tabaka la chini, na Wabrahmini hawakutaka kuhudumu kwake wala kula chakula cha hekaluni kwake. Aliyekubali ni kaka yake Gadadhar, Ramkumar. Siku ya ufunguzi watu wakalishwa kwa wingi. Gadadhar, kijana wa miaka 19, alikuwepo. Akakataa kula. Akatoka nje, akanunua bisi za mchele za senti moja sokoni, akatafuna hizo, akarudi mjini kwa miguu.

Mnaliona hilo? Mtoto wa miaka tisa aliyepigania mkono wa Dhani, akifika 19 anaogopa sahani ya Rashmoni. Sahani imepanda juu ya kabati!

Nawaambia haya kwa sababu tumezoea kusimuliwa watakatifu waliozaliwa wamekamilika. Huyu alijifunza, na kujifunza kwake kulimchukua miaka mingi. Kaka yake alipofariki mwaka 1856, yeye ndiye akawa kuhani wa Kali katika hekalu lile lile ambalo alikataa chakula chake. Hapo kiu ikamshika. Kila jioni alijitupa chini akilia, "Mama, siku nyingine imekwisha, na bado hujajionyesha!" Siku moja aliona hakuna haja ya kuishi, akaurukia upanga uliokuwa umetundikwa hekaluni ajimalize. Hapo, kwa maneno yake mwenyewe, nyumba na milango vikatoweka, akaona bahari ya nuru isiyo na mwisho ikimjia kwa mawimbi. Watu wakasema amerukwa na akili.

Angeweza kutosheka. Si amemwona Mungu wake? Kwa nini asikae kwake?

Yeye hakukaa. Alianza kupiga hodi.

Alipiga hodi kwanza ndani ya dini yake mwenyewe, na Uhindu una vyumba vingi kuliko tunavyodhani. Mwaka 1861 alifika mwanamke mtawa aitwaye Bhairavi Brahmani, Ramakrishna akaketi chini akafundishwa naye. Mwanamke akimfundisha kuhani, katika karne ya 19! Baada yake akaja Totapuri, mtawa msafiri aliyemfundisha habari za Mungu asiye na umbo wala jina. Totapuri alikuwa na kanuni ya kutokaa mahali popote zaidi ya siku 3. Kwa mwanafunzi huyu alikaa miezi 11.

Kisha akatoka nje ya nyumba yake kabisa.

Mwaka 1866 alifika Dakshineswar mtu aitwaye Govinda Ray, Mhindu kwa kuzaliwa, aliyevutwa na njia ya Masufi. Ramakrishna alimwona anavyomtaja Mwenyezi Mungu, akavutiwa, akaomba kufundishwa. Akavaa nguo kama Waislamu wanavyovaa. Akalirudia jina la Allah. Akaswali. Akahama sehemu ya hekalu, na hata kuziangalia sanamu hakutaka, kwa sababu mtu hapigi hodi kwa jirani huku amejibebea samani za kwake. Kisha akataka chakula. Naam, chakula cha Waislamu! Mkwe wa Rani Rashmoni, bwana Mathur aliyekuwa akimtunza, alihangaika. Wakaishia kupatana hivi: mpishi Mwislamu aelekeze, mpishi Mbrahmini apike. Tangu bisi za senti moja hadi siku ile ni miaka 11. Alikaa hivyo siku 3, na akasema mwishoni alimwona mtu mwenye nuru na ndevu ndefu, kisha moyo wake ukazama katika ile bahari aliyoijua.

Ndugu zangu Waislamu, najua sheikh wangu hapa mbele anaweza kusema siku 3 hazimfanyi mtu kuwa Mwislamu, na kwamba Uislamu si nguo ya kujaribu. Ana haki ya kusema hivyo. Sikuja kudai kwamba alikuwa wenu. Ninauliza jambo moja: katika maisha yetu yote, ni siku ngapi sisi tumempa jirani yetu? Siku 3 ambazo hukumhubiria wala kubishana naye, ulikaa tu ukajifunza anavyomwita Mungu wake. Nani anazo siku 3? Mimi sina hata nusu ya asubuhi.

Mwaka 1874 akapiga hodi kwa Wakristo. Rafiki yake aitwaye Shambhu Charan Mallik alimsomea Biblia, maana Ramakrishna mwenyewe alisoma kwa shida. Siku moja, katika nyumba ya tajiri mmoja jirani na hekalu, aliketi mbele ya picha ya Maria akimpakata mtoto Yesu. Akaitazama. Akaitazama tena. Alisema aliona picha inakuwa hai, miale inatoka inamchoma moyoni, na kwa siku 3 hakwenda kwa Kali. Siku ya nne alikuwa akitembea kwenye bustani ya hekalu alipomwona mtu mgeni mwenye uso mtulivu anamjia, na akajua ni nani. Tangu hapo, chumbani mwake, kati ya picha za miungu ya Kihindu, kulikuwa na picha ya Yesu akimshika Petro mkono anapozama majini, na asubuhi na jioni alikuwa akiifukizia ubani.

Petro anayezama! Kati ya picha zote za Yesu, hiyo ndiyo iliyokuwa ukutani mwa Mhindu yule.

Sasa mtaniuliza, na mchungaji wangu ameshaanza kutikisa kichwa: je, huu si mchanganyo? Je, watoto wetu hawatapotea? Ramakrishna aliulizwa hivyo hivyo, na jibu lake ni la mkulima. Mche mchanga, alisema, huzungushiwa ua usije ukaliwa na mbuzi na ng'ombe. Ukishakuwa mti mkubwa, hata tembo utamfunga kwenye shina lake. Hakuwaambia watu wabomoe ua wa watoto. Alisema ua ni wa mche. Lakini wewe mwenye mvi, uliyeswali miaka 50, uliyeimba kwaya miaka 40, bado unaogopa mbuzi?

Akatoa na mfano mwingine, ambao akina mama mtauelewa kuliko sisi. Mke mwema huwahudumia wote wa nyumba ya mumewe. Mkwe atampa maji ya kunawa, shemeji atampakulia, hapana anayelala njaa. Lakini unyumba wake ni kwa mumewe peke yake. Ramakrishna mwenyewe, baada ya kila hodi, alirudi kwa Mama Kali. Hakuwahi kuacha kuwa Mhindu, wala hakumtaka Mwislamu au Mkristo aache kwake.

Mfano wake unaojulikana zaidi ni wa bwawa. Bwawa moja lina ngazi kadhaa za kuteremkia majini. Kwenye ngazi hii Wahindu wanachota, wanasema tunachota "jal". Kwenye ngazi ile Waislamu wanajaza viriba, wanasema "pani". Ya tatu wanateremka Wakristo, wanasema "water". Je, ile si jal bali ni pani? Si pani bali ni water? Sisi tungeteremka kwa ngazi ya nne na ndoo zetu tukasema "maji", na kiu ingekatika vile vile.

Bwawa lina mtego wake, ndugu zangu. Mtu mvivu hulisikia akasema, basi yote ni sawa, sina haja ya kuteremka. Akabaki ukingoni anasifia maji. Ramakrishna hakufundisha hivyo. Yeye aliteremka ngazi moja hadi mwisho, miguu ikalowa, ndipo akazunguka kuzijaribu nyingine. Msemo wake wa Kibengali ni "jato mat, tato path", imani zilivyo nyingi ndivyo njia zilivyo nyingi. Lakini njia haina faida kwa asiyetembea.

Alipenda pia kumsimulia kinyonga. Mtu mmoja alimwona mtini akiwa mwekundu, mwingine akamwona wa kijani, wa tatu manjano, wakagombana. Wakamwendea mtu aliyekaa chini ya mti ule siku zote. Akawaambia: nyote mmesema kweli, kuna saa ni mwekundu, kuna saa ni kijani, na kuna saa hana rangi hata moja. Kwetu kinyonga ni jina la mtu asiyeaminika. Kwake alikuwa mfano wa Mungu anayewajia watu kwa sura nyingi, na mwenye kujua ni yule anayekaa chini ya mti.

Vijana, kuna mwenzenu mmoja katika habari hii. Mwaka 1881 mwanafunzi wa chuo aitwaye Narendranath Datta, kijana mbishi, alimwuliza usoni: "Je, umemwona Mungu?" Viongozi wengine aliowauliza walizungukazunguka. Ramakrishna akamjibu: ndiyo, namwona kama ninavyokuona wewe hapa, ila kwa wazi zaidi. Kijana yule ndiye Swami Vivekananda, aliyesimama Chicago tarehe 11 Septemba 1893 mbele ya Bunge la Dini, mkutano wa watu wa dini mbalimbali za dunia, na kuwaita waliokuwepo dada na kaka zake wa Marekani. Ni yeye pia aliyesimulia kwamba mwalimu wake, Mbrahmini, aliwahi kwenda usiku wa manane kwenye nyumba ya mtu wa tabaka lililonyanyapaliwa kuliko yote, akasafisha choo chake, akafuta sakafu kwa nywele zake ndefu. Usiku, kwa sababu mchana mwenye nyumba asingekubali.

Nisiwafiche lililo zito. Mwaka 1859 familia ilimwoza mke, Sarada, yeye ana miaka 23 na binti ana miaka 5. Ilikuwa desturi ya Bengal ya wakati ule, na sisimami hapa kuitetea. Mwaka 1872 Sarada, sasa msichana mzima, alimfuata Dakshineswar. Hawakuishi kama mume na mke. Alimheshimu kama sura ya Mama wa ulimwengu, na alipofariki, Sarada ndiye aliyebaki kuwa mama wa wafuasi wote. Nami naamini ni yeye aliyelifikisha somo jikoni.

Karibu na kijiji chake, Jayrambati, waliishi Waislamu waliokuwa wafugaji wa viwavi vya hariri. Biashara ya hariri ilipokufa chini ya utawala wa Waingereza, wengine wakaingia katika wizi, vijiji vikawaogopa. Sarada Devi alipojenga nyumba aliwaajiri. Mmoja wao aliitwa Amjad. Siku moja alimkaribisha kula barazani kwake. Mpwa wake, binti wa Kibrahmini, ndiye aliyekuwa akipakua. Alisimama mbali, akawa anamrushia chakula kwenye jani asije akanajisika. Sarada akasema, mtu atakulaje kwa raha akilishwa hivyo? Akachukua chakula, akamwandalia mwenyewe. Amjad alipomaliza, mama yule, mjane wa mtu mtakatifu, akaokota jani lililoliwa, akapafuta mahali pale kwa mkono wake. Mpwa akapiga kelele, "Shangazi, umepoteza tabaka lako!" Naye akajibu: Amjad ni mwanangu, kama Sarat alivyo mwanangu. Sarat huyo alikuwa mtawa mkuu, katibu wa Ramakrishna Mission, shirika la wafuasi wa Ramakrishna.

Kila nikisoma habari hiyo namwona bibi yangu, na sahani juu ya kabati.

Je, mafundisho haya yaliiponya Bengal? Ramakrishna alifariki tarehe 16 Agosti 1886. Miaka 60 kamili baadaye, tarehe 16 Agosti 1946, siku hiyo hiyo, katika mji huo huo wa Kolkata, Wahindu na Waislamu walianza kuchinjana mitaani, na kwa siku chache maelfu wakafa. Majirani. Watu waliochota bwawa moja. Nimeikalia tarehe hiyo usiku mwingi. Picha yake ilikuwa imetundikwa ukutani katika nyumba nyingi za mji ule, na mitaani damu ilimwagika.

Kwa hiyo sikuwaita hapa mtundike picha ya mtu. Nimewaita niwasimulie siku zake za mwisho, kisha nikae.

Mwaka 1885 alishikwa na saratani ya koo. Wafuasi wakamhamishia nyumba ya bustani huko Cossipore. Mtu aliyekuwa akizungumza toka asubuhi hadi usiku, sasa neno moja lilikuwa kazi, na kijiko cha uji kilimtoa machozi. Vijana wake walikuwa wanamzunguka. Narendra, yule kijana mbishi, akamsihi: mwombe Mama Kali akuponye, walau uweze kula kidogo, kwa ajili yetu. Hakutaka. Wakamshikilia, akakubali. Baada ya saa chache Narendra akarudi kuuliza amejibiwa nini.

Akamwambia: "Nilimwambia Mama, siwezi kula kwa maumivu haya, nifanyie njia nile kidogo. Akanionyesha ninyi nyote. Akasema, 'Kwani? Si unakula kwa vinywa vyote hivi?' Nikaona haya. Sikuweza kusema neno tena."